Rubani wa helikopta hujuaje alipo? Maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya huulizwa na wanafunzi wa urubani, na wakati mwingine na wateja wanaoshangaa kumwona rubani akikunja ramani ya karatasi ilhali mbele yake kuna skrini mbili tatu. Mifano mingi ni ya Kenya, kwa kuwa huko unaweza kukuta milima, bonde, nyika na pwani katika safari moja. Sheria zenyewe ziko kwa mamlaka za usafiri wa anga, KCAA kwa Kenya na TCAA kwa Tanzania. Humu tunazungumzia ufundi.

GPS ipo. Ramani na saa za nini tena?

GPS hujibu swali moja tu: uko wapi. Haikuambii habari za waya uliovutwa mwezi uliopita kati ya vilima viwili, wala za wingu lililokalia ukingo wa Bonde la Ufa saa hii. Rubani wa ndege kubwa ya abiria yuko futi 35,000 na chini yake hakuna cha kumgonga. Wewe uko futi 500 kutoka ardhini, na ardhi yenyewe inapanda na kushuka. Macho yako yanatakiwa nje karibu muda wote, na utaweza kuyaweka nje bila kupotea ikiwa tu ramani uliisoma kabla hujawasha injini.

Halafu kuna suala la mikono. Ndege ya mabawa ikishatulizwa hukaa kwa muda bila kushikwa. Helikopta ndogo isiyo na rubani otomatiki haikubali hivyo. Mkono wa kulia hauachi fimbo, na wa kushoto una kazi yake. Ukianza kubonyeza menyu za GPS angani, chombo kitakuwa kimeshainama kabla hujafika ukurasa wa tatu. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kazi hii hufanyika chini, mezani, kwa kalamu ya risasi.

Alama gani za ardhini ni za kuaminika?

Kubwa, za kipekee, zisizohama. Ziwa Magadi halina mwenzake: weupe wa magadi wenye wekundu ndani yake, kiwanda, na reli inayoishia pale pale. Uwanda wa Yatta, lava iliyoganda na kunyooka karibu kilomita 290, ni kama ukuta unaouona kutoka mbali ukielekea Tsavo, na ukishauona huwezi kukosea uko upande gani wake. Ol Doinyo Lengai husimama peke yake kusini mwa Ziwa Natron. Wanafunzi huchanganya Longonot na Suswa, kwa sababu zote mbili ni volkano zenye kreta. Tazama ndani: Suswa ni pana zaidi, na katikati yake kuna bonge la mwamba lililozungukwa na handaki la duara.

Alama ya mstari ina faida kuliko alama ya nukta. Mji mdogo ukiupita kwa maili mbili hutauona, lakini reli, barabara kuu au ufukwe lazima uukate mahali fulani. Reli ya SGR ya Mombasa hadi Nairobi, iliyofunguliwa 2017, ina tuta refu linaloonekana vizuri katika udongo mwekundu wa Tsavo. Reli ya zamani iko pembeni yake. Ukiwa na ramani iliyochapishwa kabla ya hapo, utaona reli mbili ardhini na moja kwenye karatasi, na hapo ndipo mtu huanza kujitilia shaka bure.

Vya kutiliwa shaka ni vijiji (mabati ni mabati), mito ya msimu ambayo kwenye ramani ni buluu na ardhini ni mchanga mtupu, na siku hizi hata maziwa. Baringo, Bogoria na Naivasha yalijaa sana kati ya 2010 na 2020, yakameza mashamba na nyumba. Umbo la ziwa ulilonalo kwenye karatasi ya zamani silo utakalolikuta.

Jambo moja ninalolirudia mpaka wanafunzi wanachoka: anza na saa, nenda kwenye ramani, kisha ardhini. Saa ikisema dakika ya 12, ramani itakuambia unachopaswa kuona, nawe ukitafute. Ukianza na kilima kilicho mbele yako kisha ukitafute kwenye ramani, utakipata tu, maana vilima havikosekani, na utajiaminisha uko mahali ambapo hupo.

Nikifuata barabara au laini ya umeme, nikae upande gani?

Kaa kulia kwake, mstari uwe kushoto kwako, ili anayekuja kutoka upande wa pili apite upande wake. Usumbufu ni kwamba katika helikopta nyingi rubani hukaa kiti cha kulia, kwa hiyo mstari wenyewe anauona kupitia bega la abiria. Jitenge nao vya kutosha uweze kuuona.

Laini za umeme ni alama nzuri na ni hatari kwa wakati mmoja. Ile ya kilovolti 400 kutoka Loiyangalani hadi Suswa ina urefu wa zaidi ya kilomita 400, na nguzo zake utaziona mapema. Waya hutauona, hasa ule mwembamba wa juu kabisa unaokinga radi. Ukitaka kuikata laini, pita juu ya nguzo, kamwe si katikati ya nguzo mbili. Nguzo ndiyo sehemu ya juu kuliko zote na ndiyo pekee unayoiona kwa hakika.

Hesabu ya mwelekeo, kasi na muda hufanywaje?

Tuchukue Uwanja wa Wilson, Nairobi, hadi Magadi. Ni takriban maili 47 za baharini, kuelekea kama digrii 222, yaani kusini-magharibi. Kwa noti 100, yaani maili 100 za baharini kwa saa, ni dakika 28. Chora mstari, weka kijialama kila baada ya dakika tano, na pembeni yake andika utakachoona: Kiserian chini yako, vilima vya Ngong kulia, kisha ukingo unaanguka na joto linapanda, mlima Olorgesailie kulia, halafu weupe wa ziwa.

Sasa weka upepo wa noti 20 kutoka kusini-mashariki, unaokupiga ubavu wa kushoto. Usipourekebisha, utasukumwa kulia kwa digrii 11 au 12, na dakika 28 zikiisha utakuwa maili 9 kando ya Magadi.

Njia ya kulitambua kosa mapema ni kanuni ya moja kwa sitini: ukikosea digrii moja, baada ya maili 60 utakuwa nje ya mstari kwa maili moja. Umeruka maili 15, na vilima vya Ngong viko karibu nawe kuliko ilivyopangwa. Unakadiria umesogea kulia maili 3. Tatu gawanya kwa 15, zidisha kwa 60, kosa ni digrii 12. Zimebaki maili 32, na ili urudi kwenye mstari pale pale Magadi unahitaji digrii nyingine 6 hivi. Pinda kushoto digrii 18. Hesabu hii inafanyika kichwani huku mikono iko kazini, na hakuna sababu ya rubani kutoijua.

Upepo huiumiza helikopta kuliko ndege za mwendo wa kasi. Safari ya maili 100 kwa noti 100 ni saa moja. Upepo wa mbele wa noti 25 ukikupata, ni dakika 80. Tangi la mafuta linahesabu dakika, halina habari na maili.

Dira ya sumaku hukosea kiasi gani kwetu?

Kwa upande mmoja tumebahatika. Mchepuko kati ya kaskazini ya kweli na kaskazini ya sumaku ni mdogo sana Nairobi, karibu sifuri. Cape Town ni kama digrii 25 magharibi. Mwanafunzi aliyezoea kuupuuza hapa akipata kazi kule atapotea siku ya kwanza, kwa hiyo jizoeze kuuandika hata ukiwa hauna uzito.

Upande wa pili hutajwa mara chache. Vitabu vingi vya mafunzo vimeandikwa Uingereza na Marekani, na vinaeleza makosa ya dira wakati wa kugeuka kwa mtu aliye kaskazini mwa ikweta ya sumaku, yaani mstari ambapo sindano ya dira hailalii juu wala chini. Barani Afrika ikweta hiyo hupita karibu na latitudo ya 10 kaskazini, kwa hiyo Kenya, Uganda na Tanzania zote ziko kusini mwake, pamoja na Lodwar na Moyale. Kanuni zinageuka: ukigeukia kaskazini, acha dira ipitilize kidogo ndipo usimamishe mgeuko, ukigeukia kusini, simama kabla haijafika. Kwa kuwa sumaku huku hailalii chini sana kama Ulaya, kosa lenyewe ni dogo.

Kinachotusumbua zaidi ni vitu vilivyomo ndani: simu iliyowekwa juu ya dashibodi, spika ya vifaa vya masikioni, kamera ya abiria. Na kiashiria cha mwelekeo kinachoendeshwa na jairo huteleza taratibu, kirekebishe kwa dira kila robo saa ukiwa umenyooka na mwendo haubadiliki.

VOR, DME na NDB zina faida kwa anayeruka chini?

Kidogo. Zote ni vituo vya redio vya ardhini: VOR na NDB huonyesha mwelekeo, DME umbali. VOR hufuata mstari wa kuonana. Kwa hesabu ya kawaida, ukiwa futi 1,000 juu ya usawa wa kituo utaipata hadi kama maili 39; kwa futi 500, kama maili 27. Hayo ni kwa ardhi tambarare. Ukishashuka ukingo kuelekea Magadi, mlima unasimama kati yako na kituo, bendera nyekundu inatokea kwenye kipimo na sindano haina maana tena. Hapo hakuna kilichoharibika. Mitambo ile ilijengwa kwa ajili ya walio juu.

DME hutoa umbali wa mshazari, jambo ambalo kwa futi 500 halina tofauti ya kusumbua.

NDB ndiyo iliyokuwa rafiki wa waruka chini, kwa sababu mawimbi yake hufuata uso wa ardhi. Imezeeka na vituo vinafungwa duniani kote. Sindano yake huvutwa na mvua ya radi, hudanganya jioni na usiku, na hupindishwa kidogo mawimbi yanapovuka ufukwe. Raha yake moja: kipokezi chake hunasa pia redio za masafa ya kati, hivyo marubani wa zamani waliweza kuelekea mjini kwa kuufuata mnara wa redio huku wakisikiliza taarifa ya habari.

Niiamini GPS kwa kiasi gani?

Sana, ila usiifanye shahidi pekee. Kwa mahali na kimo inahitaji setilaiti nne. Kipokezi cha ndege kikipata ya tano kinaweza kujichunguza na kukuonya kwamba moja inasema uongo, na kwa ya sita kinaweza kuitoa. Kifaa cha mkononi mara nyingi hakikupi onyo hilo. Tangu Mei 2000, Marekani ilipoacha kupunguza makusudi usahihi wa mawimbi ya raia, kosa la kawaida ni la mita chache.

Shida za leo ni za watu kuvuruga na kughushi mawimbi ya GPS. Kuvurugwa ni afadhali, skrini inakuambia haina mawimbi. Kughushiwa ni kubaya, kwa sababu kipokezi kinakuonyesha mahali pengine bila wasiwasi wowote. Mashariki ya Mediterania na Ghuba wameyazoea. Na si mbali na kwetu: mwaka 2024 wataalamu wa Umoja wa Mataifa waliripoti uvurugaji na ughushi huo Kivu Kaskazini, eneo ambalo helikopta za misaada na za kulinda amani huruka kila siku. Mwenye ramani mapajani na saa inayohesabu hugundua ndani ya dakika chache kwamba kijiji alichoambiwa kiko chini yake ni msitu.

Kishikwambi chenye ramani ya anga kinatosha?

Ni msaidizi mzuri sana. Pakua ramani zote ukiwa na mtandao, kwa sababu GPS ya ndani haihitaji mtandao lakini picha ya ramani huihitaji. Ogopa jua. iPad imetengenezwa kwa joto la hewa lisilozidi nyuzi 35, na ndani ya kioo cha helikopta iliyoegeshwa Magadi saa saba mchana joto hilo linapitwa upesi. Inazima, inakuandikia ipoe kwanza. Kiweke kwenye kivuli, na kifungwe imara. Kama milango imetolewa, chochote kisichofungwa kinaweza kuruka na kuipata rafadha ya mkia.

Ramani ya kipimo gani?

1:500,000 kwa kuona anga zenye masharti na safari ndefu, 1:250,000 kwa kuruka chini, 1:50,000 kwa kutafuta pa kutua. Ikunje kabla ya kuingia, mstari wa safari uwe katikati. Kuikunja upya angani kwa mkono mmoja ni sarakasi.

Mawingu yakinifunga?

Swali hili ndilo linaloua watu. Januari 26, 2020, Sikorsky S-76B ilianguka Calabasas, California, watu wote 9 wakafa, akiwemo mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant na binti yake. Helikopta ile ilikuwa na vyombo vya kurukia mawinguni. Rubani alimwambia mwongoza ndege kwamba anapanda, ilhali ilikuwa inashuka huku ikipinda kushoto. NTSB, chombo cha uchunguzi cha Marekani, kilihitimisha kwamba aliendelea kuruka kwa macho mahali ambapo macho hayakufaa, akapoteza hisia ya juu na chini.

Sikio la ndani ndilo linalodanganya. Mgeuko ukianza polepole halihisi chochote, na ukiendelea kwa muda linauhesabu kuwa ndiyo kunyooka. Ukija kunyooka kweli, mwili mzima unakuambia umeinama upande wa pili. Helikopta haina utulivu wa kukusamehe wakati unabishana na mwili wako.

Kwetu mtego wa kila mwaka ni asubuhi za Juni hadi Agosti, wingu linapolalia Limuru na Kikuyu huku bonde la chini likiwa na jua. Unatoka kwenye mwanga, unapanda ukingo, dari ya mawingu inashuka nawe unapunguza mwendo. Kupunguza mwendo huko ndiko kengele. Ukijikuta umeshuka chini ya kasi na kimo ulivyojiwekea kabla ya kuondoka, geuka urudi nyuma wakati nyuma bado panaonekana, au tua. Ndege ya mabawa ingeuonea wivu uwezo huo: uwanja wa shule, shamba lililovunwa, ufuo. Wenye shamba watakuja kukusalimu na mtasubiri pamoja.

Ukishaingia ndani, acha kutafuta ardhi. Macho kwenye vyombo, sawazisha chombo, shika mwelekeo usio na mlima, weka nguvu na kasi ya kupanda, panda hadi kimo salama ulichokiandika kwenye ramani, ndipo uongee na waongoza ndege. Mpangilio ni huo. Redio ni ya mwisho.

Na usiku?

Huku ikweta giza huingia haraka, kama dakika 20 tu baada ya jua kuzama. Nje ya miji hakuna taa za kukupa upeo wa macho, na nyika isiyo na mwezi ni sawa na kuwa ndani ya wingu. Kuruka kwa macho usiku kuna masharti yake, yasome kwanza. Miwani ya kuonea gizani husaidia sana waliofunzwa kuitumia, ila hupunguza upana wa unachokiona na haionyeshi nyaya nyembamba.

Nikipotea?

Kubali mapema. Andika saa. Usizungukezunguke, maana hapo utapoteza hata ulichokuwa unakijua. Panda, kwa sababu ukiwa juu unaona mbali na redio inasikika. Rudi kwenye alama ya mwisho uliyokuwa na uhakika nayo, hesabu dakika tangu hapo, chora duara la mahali unapoweza kuwa. Kisha elekea alama kubwa ya mstari unayojua lazima utaikata. Sema kwenye redio kwamba hujui ulipo. Waongoza ndege hawatakucheka.

Mafuta yakikaribia kiwango ulichojiwekea, tua na uulize. Wachungaji wanajua walipo. Ila uliza jina la mahali. Umbali achana nao, "si mbali" inaweza kuwa siku nzima ya kutembea.

Saa za kwenye mpango wa safari mbona hazifanani na zetu?

Anga hutumia saa za UTC, yaani saa moja ya dunia nzima, na Afrika Mashariki iko saa tatu mbele. Saa tatu asubuhi ya nyumbani ni 09:00 kwenye simu na 0600 kwenye mpango. Weka saa moja ya mkononi kwenye UTC na usiiguse.

Mimi ni mteja. Nikutumie vipi mahali pa kutua?

Tuma viwianishi, yaani namba za latitudo na longitudo, na useme umeviandika kwa mtindo gani. "1.30" ya mtu mmoja ni digrii moja na sehemu thelathini za mia, mwingine ataisoma digrii 1 dakika 30. Tofauti ni dakika 12 za latitudo, yaani maili 12 za baharini, zaidi ya kilomita 22.

Usisahau herufi ya kaskazini au kusini. Mji wa Nanyuki uko kwenye ikweta, na Laikipia nzima iko pande zote mbili. Shamba lililoko dakika 20 kaskazini likiandikwa kusini, helikopta itakwenda kilomita 74 mbali nalo, tena mahali ambapo yawezekana pana shamba jingine lenye watu wanaopunga mkono.

Kama umetoa namba kwenye ramani ya zamani ya serikali ya 1:50,000, sema hivyo. Ramani hizo za Kenya, Uganda na Tanzania zilijengwa juu ya mfumo wa viwianishi uitwao Arc 1960, wakati GPS hutumia mwingine, WGS84. Namba zile zile hutua mahali panapotofautiana kwa karibu mita 300 kaskazini-kusini, umbali wa kutosha kukuweka ng'ambo ya mto.

Ongeza picha ya uwanja wenyewe, mteremko wake ukionekana, na useme nyaya za umeme au za simu ziko upande gani. Hilo la nyaya watu husahau. Rubani atakupigia kuuliza, na asipokupata atazunguka juu yako mara mbili tatu akizitafuta kabla ya kushuka.